Patrice Lumumba mbele ya tribinali: maneno yaliyompima tangu Stanleyville

Kila tarehe 17 mwezi wa kwanza, kazi zinasimama katika Kongo nzima. Ni siku ya kumkumbuka Patrice Emery Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi. Watoto wa shule wanajua alizaliwa wapi na aliuawa namna gani. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao hauzungumziwi sana, na upande huo unawahusu zaidi watu wa Tshopo: Lumumba alikuwa mtu wa kupita mbele ya waamuzi. Alifika mbele yao mara tatu, na kesi zote tatu zilianzia hapa, Stanleyville, mji ambao leo unaitwa Kisangani.

Kila mara watu wa sheria walimtafutia neno lao. Mara ya kwanza waliandika kwamba yeye ni mstaarabu. Mara ya pili waliandika kwamba alitumia vibaya pesa za posta. Mara ya tatu waliandika kwamba alichochea watu. Na mara ya nne, wakati alihitaji korti kuliko siku zote za maisha yake, hakuna korti iliyokaa.

Njia ya Ubundu

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, territwari ya Katako-Kombe, huko Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kabila la Watetela. Alisoma kwa wamisionari, kwanza Wakatoliki, kisha Waprotestanti, lakini hakufika mbali shuleni. Mengi aliyoyajua alijifundisha mwenyewe kwa kusoma vitabu usiku.

Akiwa bado kijana alitoka kwao kwenda kutafuta kazi Maniema, upande wa Kindu na Kalima, kwenye machimbo. Mwaka 1944 akaja Stanleyville. Wakati ule msafiri wa kutoka Kindu alishuka mto Lualaba na bato mpaka Ponthierville, yaani Ubundu yetu ya leo. Hapo bato zilisimama kwa sababu ya maporomoko. Abiria wakapanda treni, reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906, mpaka ng'ambo ya kushoto ya Stanleyville, kule Lubunga. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mashariki yote kuingia Stanleyville: makarani, askari, wafanyabiashara, wamisionari na mizigo yao.

Mji aliofikia ulikuwa umegawanyika sehemu mbili. Kulikuwa na mtaa wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Sheria pia ilikuwa imegawanyika. Mzungu alihukumiwa kwa sheria zilizoandikwa katika vitabu vya Wabeleji. Mtu mweusi alihukumiwa na tribinali za wenyeji kwa desturi, ao na tribinali ya polisi, ambapo muamuzi alikuwa ni administrateri yule yule aliyemtoza kodi na kumuamrisha kazi. Ukikosa, fimbo ilikuwa karibu.

Lumumba akapata kazi ya ukarani. Mwaka 1947 alitumwa Léopoldville kusoma katika shule ya posta, na aliporudi akawa karani wa posta mwenye cheti. Mwaka 1951 alimuoa Pauline Opango. Alikuwa mtu wa vyama: aliongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa posta, akaingia katika vyama vya wasomi, akaandika katika magazeti kama La Voix du Congolais na La Croix du Congo. Alizungumza Kitetela, Kilingala, Kiswahili na Kifaransa. Kwa watu wa mitaa alikuwa yule kijana mrefu, mwembamba, mwenye miwani, anayejua kukuandikia barua kwa serikali.

Mtu wa kupimwa nyumbani

Kesi yake ya kwanza haikuwa kesi ya kosa. Ilikuwa kesi ya kuomba kuwa mtu.

Tangu mwaka 1948 serikali ya koloni ilikuwa imetoa karte ya sifa ya uraia kwa Waafrika wachache walioitwa evolue, yaani watu waliosoma na kuishi namna ya Kizungu. Mwenye karte hiyo hakupigwa tena fimbo. Halafu, kwa dekreti ya tarehe 17 mwezi wa tano 1952, ikaja ngazi ya juu zaidi: imatrikulasio. Aliyeandikwa katika rejista hiyo alihesabiwa mbele ya sheria ya kiraia karibu sawa na Mzungu.

Lakini haikutosha kuomba. Ombi lilipelekwa mbele ya tribinali. Watu walitumwa nyumbani kwa muombaji kuangalia. Je, familia inakula mezani? Kuna visahani na uma? Watoto wanalala wapi? Choo ni safi? Mke anazungumza Kifaransa? Mumewe anasoma vitabu gani? Mwishoni waamuzi walikaa na kuamua kama huyu mtu amefikia ustaarabu unaotakiwa ao hajafikia.

Lumumba aliomba. Mara ya kwanza walimkatalia. Watu wengi wangeona haya na kunyamaza. Yeye alikata rufaa, na mwaka 1954 jina lake likaandikwa katika rejista.

Inafaa kuitazama vizuri hukumu ya namna hiyo. Muamuzi wa kawaida anauliza mtu alifanya nini. Hapa muamuzi aliulizwa mtu ni nani. Na neno alilopewa kama kipimo, ustaarabu, halikuwa na mwisho. Kipimo cha chumvi sokoni kinajulikana, kila mtu anaona kopo limejaa ao halijajaa. Kipimo cha ustaarabu kilikuwa kinakaa kichwani mwa yule aliyepima. Leo anakukatalia, kesho anakukubalia, na wewe ni mtu yule yule mwenye nyumba ile ile. Lumumba aliingia katika rejista akiamini bado kwamba Wabeleji na Wakongomani wangeweza kujenga nchi pamoja. Lakini tayari alikuwa ameonja namna neno moja la korti linavyoweza kumfungia mtu mlango na kumfungulia.

Kukopa ao kuiba

Mwaka 1955 mfalme Baudouin wa Ubeleji alitembelea Kongo, na Stanleyville Lumumba alipata nafasi ya kuzungumza naye. Mwaka uliofuata alikuwa kati ya Wakongomani wachache waliopelekwa Ubeleji kwa safari ya masomo. Aliporudi tu, mwezi wa saba 1956, alikamatwa.

Alikuwa anafanya kazi katika ofisi ya cheki za posta. Hesabu zilionyesha upungufu wa karibu faranga 126 000. Jambo hili linasemwa wazi, kwani watu wanaompenda Lumumba mara nyingi wanaliruka: pesa alizichukua, na hakukana. Alijieleza kwamba mshahara wa karani Mwafrika haukutosha kuishi maisha ambayo serikali yenyewe ilidai kutoka kwa evolue. Nguo, vitabu, meza, shule ya watoto, wageni, vyote vinataka pesa. Mzungu aliyefanya kazi kama yake alilipwa mara nyingi zaidi. Kwake yeye alikuwa amekopa, na alikusudia kurudisha.

Tribinali haikupokea neno kukopa. Na kusema kweli, sheria ya nchi yoyote haipokei: mkopo ni wa watu wawili, na posta haikuulizwa. Alihukumiwa kifungo. Baadaye adhabu ilipunguzwa, rafiki zake wa vyama wakachanga pesa ili deni lirudishwe, na mwezi wa tisa 1957 akatoka boloko.

Kisheria hukumu ilikuwa na msingi. Lakini watu wa Stanleyville waliisoma kwa namna nyingine. Waliona kwamba mtu aliyepewa karte ya kuwa sawa na Mzungu, mshahara wake haukuwa sawa, ila adhabu ndiyo ilikuwa kamili. Sheria ilisema ukweli nusu: ilihesabu pesa zilizotoka kwenye sanduku, haikuhesabu zile ambazo hazikuingia mfukoni mwa mfanyakazi. Na tangu siku hiyo wapinzani wake wakawa na neno la kumtupia kila mara, mwizi wa posta, hata wakati alipokuwa waziri mkuu. Kifungo kiliisha baada ya mwaka mmoja na kidogo. Neno halikuisha.

Ndani ya boloko Lumumba aliandika kitabu kizima kuhusu Kongo na wakati wake ujao. Kilitolewa tu baada ya kifo chake. Humo bado alikuwa anaongea kwa upole na Wabeleji. Mtu aliyetoka nje mwaka 1957 alianza kubadilika.

Kesi ya siku nne

Alihamia Léopoldville, akafanya kazi katika kampuni ya pombe, akijulikana haraka katika mabaa ya mitaa yote. Mwezi wa kumi 1958 yeye na wenzake walianzisha chama cha MNC, chama kilichotaka Kongo moja bila ukabila. Mwezi wa kumi na mbili alienda Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika, na aliporudi alidai uhuru mbele ya watu wengi. Mwaka 1959 chama kikagawanyika, upande mmoja ukabaki na Lumumba.

Mwezi wa kumi 1959 alikuja kufanya kongamano la chama Stanleyville, mji wake. Lilipomalizika, tarehe 30, fujo zilizuka. Askari walipiga risasi. Watu wasiopungua 20 walikufa, na wengi waliumizwa. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja Lumumba alikamatwa, akashitakiwa kwamba hotuba zake ndizo zilizochochea watu.

Kesi ilifunguliwa Stanleyville tarehe 18 mwezi wa kwanza 1960. Hapa waamuzi walikuwa na kazi ngumu kuliko ile ya posta. Pesa zinahesabika. Maneno, utayahesabu namna gani? Mtu amesimama mbele ya umati, amesema. Siku inayofuata watu wamekufa. Je, ni maneno yake yaliyoua? Ni risasi za askari? Ni hasira ambayo ilikuwa ndani ya watu tangu zamani, na yeye aliipa jina tu?

Tena kulikuwa na jambo la lugha. Lumumba alijulikana kwa kuzungumza na watu kwa lugha zao, akigeuza kutoka Kifaransa kwenda Kilingala ao Kiswahili kufuatana na watu waliokuwa mbele yake. Korti ilikaa kwa Kifaransa na kuandika kwa Kifaransa. Waamuzi wote walikuwa Wabeleji. Wakati wa uhuru hapakuwa na Mkongomani hata mmoja aliyekuwa muamuzi wa kazi katika tribinali hizo.

Mtu wa Ubundu anaelewa shida hiyo bila kufundishwa. Chukua mfano mwepesi wa Kiswahili. Kupigana ni kurushiana ngumi ao kushika silaha. Kupigania haki ni kuitafuta kwa nguvu zote, hata kwa kalamu, hata kwa kukataa kulipa kodi. Mzizi ni mmoja, herufi chache tu zinatofautisha. Msikilizaji wa sokoni hakosei. Lakini neno hilo likitolewa uwanjani, likaingia katika ripoti ya polisi, kisha likafika mezani kwa muamuzi katika lugha nyingine, linaweza kufika limevaa koti la askari. Ndiyo sababu katika kesi ya maneno, yule anayegeuza lugha ana nguvu karibu sawa na muamuzi.

Tarehe 21 hukumu ikatoka: kifungo cha miezi sita. Kesi nzima ilichukua siku nne. Kesho yake Lumumba alipakiwa ndani ya ndege, amefungwa pingu, hana viatu, akapelekwa Katanga, kwenye boloko ya Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi.

Lakini nje ya korti dunia ilikuwa imegeuka. Tarehe 20, siku moja kabla ya hukumu, Meza ya Duara ilikuwa imefunguliwa Bruxelles kuzungumzia uhuru wa Kongo. Wajumbe Wakongomani, hata wale waliokuwa wapinzani wake, walidai aachiliwe ili aje. Na katika uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili, wakati yeye alikuwa kizuizini, chama chake kilikuwa kimepata ushindi mkubwa sana Stanleyville. Tarehe 25 serikali ya Ubeleji ikamtoa. Tarehe 26 aliteremka Bruxelles, na picha za siku ile zinamuonyesha akiwaonyesha watu mikono yake yenye alama za pingu. Kesho yake tarehe ya uhuru ikapangwa: 30 mwezi wa sita 1960.

Hukumu ya miezi sita ilikuwa imeishi siku nne. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila kuna kitu kilichobaki nyuma kama mwiba. Kama serikali inaweza kumtoa mtu boloko kwa simu moja kwa sababu siasa imebadilika, basi raia anajiuliza kama hakuingizwa pia kwa simu moja. Nchi mpya ilikuwa karibu kuzaliwa, na watu wake walikuwa wamefundishwa na wakoloni kwamba neno la muamuzi linafuata upepo.

Neno moja katika sheria

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, chama cha Lumumba kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika Bunge. Akawa waziri mkuu, Joseph Kasavubu akawa Raisi. Siku chache baada ya uhuru jeshi liliasi, Katanga ikajitenga, wanajeshi wa Ubeleji wakarudi, na Umoja wa Mataifa ukaleta askari wake.

Tarehe 5 mwezi wa tisa, jioni, Kasavubu alienda kwenye radio ya taifa akatangaza kwamba amemfukuza waziri mkuu. Katika kusoma alikosea cheo, akamuita meya wa kwanza. Lumumba naye akakimbilia radio jioni ile ile, akasema hakufukuzwa, na kwamba ni Raisi ndiye ameondolewa. Wakongomani waliokuwa karibu na radio walilala usiku huo bila kujua nani anaongoza nchi.

Mzozo wote ulisimama juu ya kifungu kimoja cha Sheria ya Msingi, ile katiba ya muda ambayo Wabeleji waliiandika mwezi wa tano 1960. Kifungu cha 22 kilisema kwamba mkuu wa nchi anateua na kufukuza waziri mkuu. Kwa maandishi, Kasavubu alikuwa na neno upande wake. Lakini kifungu hicho kilifuata mfano wa katiba ya Ubeleji, na huko Ubeleji kila mtu alijua, kwa desturi ya miaka mingi, kwamba mfalme hamfukuzi waziri ambaye Bunge linamuunga mkono. Neno lilipanda ndege mpaka Léopoldville. Desturi iliyolifunga kamba ikabaki Bruxelles.

Bunge liliona hivyo. Tarehe 7 wabunge walipiga kura kufuta mafukuzo yote mawili, kura 60 kwa 19. Tarehe 8 Seneti ikasimama upande wa Lumumba, kura 41 kwa 2. Katika nchi yenye korti ya katiba, waamuzi wangekaa, wangesikiliza pande mbili, wangesema neno kufukuza linaishia wapi. Kongo haikuwa bado na korti yake ya katiba. Tarehe 14 Kanali Mobutu alikata mjadala kwa bunduki: alitangaza kwamba anawaweka wanasiasa wote pembeni, na Bunge likafungwa.

Kifo bila karatasi

Lumumba alibaki nyumbani kwake Léopoldville, askari wa Umoja wa Mataifa wakimlinda, na nyuma yao askari wa Mobutu wakimngojea. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja alitoroka. Alikuwa anakuja kwetu. Rafiki zake walikuwa wamekusanyika Stanleyville, na kama angefika, historia ya nchi ingeweza kuwa nyingine. Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili alikamatwa Kasai, upande wa mto Sankuru, akiwa bado mbali na hapa.

Walitangaza kwamba atashitakiwa kwa kuchochea jeshi. Lilikuwa neno lile lile la Stanleyville, mchochezi. Tofauti ni kwamba mwaka 1960 mwanzoni wakoloni walimpeleka mbele ya muamuzi, wakamsomea mashtaka, wakamuacha ajitetee. Safari hii hakuna kesi iliyofunguliwa. Alifungwa katika kambi ya askari ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Alikuwa mbunge, na Bunge lililopaswa kuulizwa lilikuwa limefungwa.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 walimpakia ndani ya ndege pamoja na Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri, na Joseph Okito, aliyekuwa makamu wa mkuu wa Seneti. Walipelekwa Élisabethville, kwa maadui zao, wakipigwa njia yote. Usiku huo wote watatu walipigwa risasi porini, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa Wabeleji. Lumumba alikuwa na miaka 35. Baadaye miili iliharibiwa ili isionekane hata siku moja.

Tarehe 13 mwezi wa pili Katanga ilitangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Kijiji hakikutajwa jina. Mwaka huo huo tume ya Umoja wa Mataifa ilichunguza na kuikataa hadithi hiyo. Huko Léopoldville Pauline Opango alitembea barabarani kifua wazi, alama ya kilio cha mjane, akidai mwili wa mumewe. Hakupewa.

Neno linalongojewa

Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Sifa hiyo ilimpa jina kwenye barabara. Haikumpa hukumu.

Huko Ubeleji ilichukua miaka 40. Tume ya bunge lao ilimaliza kazi mwaka 2001 na kusema kwamba baadhi ya viongozi wa Ubeleji wa wakati ule walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mambo yaliyoleta kifo chake. Neno kimaadili lilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Lilikubali lawama, lakini halikufungua mlango wa korti. Mwaka 2002 serikali ya Ubeleji iliomba radhi.

Watoto wa Lumumba hawakutosheka. Mwaka 2011 walipeleka mashtaka Bruxelles. Hapo tena neno moja lilikuwa na uzito wote. Kama kifo hiki kinaitwa mauaji ya kawaida, muda wa kushitaki ulikuwa umekwisha zamani. Kama kinaitwa kosa la vita, muda hauishi. Walishitaki kosa la vita, na korti ya Ubeleji ikakubali uchunguzi uendelee.

Katika uchunguzi huo jino moja la Lumumba lilikamatwa nyumbani kwa familia ya polisi Mbeleji aliyeshiriki kuharibu miili. Tarehe 20 mwezi wa sita 2022 jino hilo lilirudishwa kwa familia. Sanduku lilizungushwa Sankuru, Kisangani na Katanga, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30. Watu wa Kisangani walitoka kwa wingi kulipokea. Miaka 61 baada ya kutoroka kwenda Stanleyville, Lumumba alikuwa amefika.

Mwezi wa sita 2025 waendesha mashtaka wa Ubeleji waliomba mwanadiplomasia wa zamani, aliyekuwa kijana mwaka 1961, apelekwe mbele ya korti. Wengine wote walioshitakiwa wamekwisha kufa.

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 ina vifungu viwili ambavyo mtu akivisoma anaweza kudhani viliandikwa na mkono wa mtu aliyeyaona maisha haya. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa ni lazima aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa na mashtaka yake, tena katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 21 kinasema kila hukumu iandikwe, ieleze sababu zake, na isomwe mbele ya watu wote.

Hayo yanamuhusu mvuvi wa Ubundu anayeitwa kwa sababu ya deni, na mama wa Lubunga anayegombania shamba la marehemu mumewe. Wakisomewa karatasi ya Kifaransa na kuambiwa watie kidole, wana haki ya kuomba kwanza waelezwe kwa Kiswahili, kwa Kilingala ao kwa lugha ya nyumbani kwao. Wakihukumiwa, wana haki ya kujua sababu, siyo miezi na faranga peke yake.

Kwa kesi za Stanleyville karatasi ziliandikwa, mbaya ao nzuri, na mtu anaweza leo kubishana nazo. Kwa usiku wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 hakuna karatasi ya hukumu yoyote. Hakuna muamuzi aliyesema Lumumba, Mpolo na Okito walikosa nini. Kazi iliyobaki mpaka leo ni ya korti kusema walioua walikosa nini.